Majaribio ya Mageuko na Mipaka ya Ushahidi wa Maabara: Uhakiki kwa Mfano wa Vimelea vya Malale vya Omugo

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna matokeo ya majaribio ya mageuko yanavyosomwa na kutumiwa katika udhibiti wa magonjwa. Majaribio hayo ni yale ambamo molekuli za RNA, bakteria au vimelea hukuzwa maabarani kwa vizazi vingi chini ya hali maalumu ili kuona kinachobadilika. Mfano mkuu ni usugu wa vimelea vya malale dhidi ya dawa ya melarsoproli katika eneo la Omugo, Kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hoja inayojengwa ni kwamba maabara ilibainisha kwa usahihi aina ya njia ambayo kimelea kingeweza kuipita, lakini alama ya jeni iliyotokana nayo ilibebeshwa uzito mkubwa kuliko ushahidi wake. Makala inapendekeza kwamba kila mgonjwa anayerudiwa na malale achukuliwe sampuli na ihifadhiwe, hasa wakati huu ambapo wagonjwa wamekuwa wachache.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha magazeti na majukwaa, neno mageuzi hubeba ahadi. Mageuzi ya kiuchumi na mageuzi ya elimu hutajwa kwa matumaini kwamba hali ya kesho itakuwa bora kuliko ya jana. Ahadi hiyo huingia kimyakimya hata katika mazungumzo ya biolojia, na kumfanya msomaji adhani kwamba kiumbe kinapobadilika kwa vizazi vingi, lazima kinaongezeka uwezo. Ndiyo sababu makala hii inatumia neno mageuko, ambalo halijabeba mzigo huo.

Tofauti hiyo ina uzito wa kisera. Mshauri wa sera anayeamini kwamba usugu wa dawa ni silaha mpya ambayo kimelea kimeibuni atatafuta kitu kilichoongezeka. Anayeelewa kwamba mara nyingi usugu ni kitu kilichoachwa atatafuta pengo. Mambo hayo mawili hayatafutwi kwa kipimo kimoja.

Omugo ni mahali pazuri pa kulichunguzia suala hili. Mji huu mdogo ulikuwa sehemu ya wilaya ya Arua, na tangu mwaka 2020 umo katika wilaya ya Terego. Kituo chake cha afya kilikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya kutibu malale katika ukanda wa West Nile, unaopakana na Sudani Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Malale ya huko husababishwa na Trypanosoma brucei gambiense, kimelea kinachoenezwa na mbung'o wa kandokando ya mito. Kisipotibiwa, huingia katika mfumo wa fahamu na karibu kila mara humuua mgonjwa.

2.0 Funzo la RNA na Bakteria

Mwaka 1967 Sol Spiegelman na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililokuwa na muundo rahisi. Walichukua RNA ya virusi viitwavyo Qβ, wakaiweka katika chupa yenye kimeng'enya kinachoinakili pamoja na malighafi zote za kunakilia, kisha wakahamisha tone kutoka chupa moja kwenda nyingine. Muda wa kunakili ulizidi kufupishwa, na hivyo molekuli iliyonakiliwa haraka ndiyo iliyobaki. Baada ya kuhamisha mara 74, RNA iliyobaki ilikuwa imepoteza asilimia 83 ya urefu wake. Ilinakiliwa kwa kasi kubwa, lakini haikuweza tena kuzalisha virusi vya kuambukiza bakteria. Ndani ya chupa uwezo huo haukuwa na kazi, na kwa hiyo ulikuwa mzigo.

Funzo la pili linatokana na jaribio ambalo Richard Lenski alilianza mwaka 1988 kwa jamii 12 za bakteria Escherichia coli zilizotokana na mzazi mmoja. Kila siku sehemu ndogo ya kila jamii huhamishiwa katika chakula kipya chenye glukosi kidogo. Kila baada ya vizazi 500 sampuli hugandishwa, na zinaweza kuyeyushwa zikiwa hai. Jamii zote 12 zilipoteza uwezo wa kutumia sukari ya ribosi, ambayo haikuwamo katika chakula chao. Jamii moja tu ilipata uwezo wa kutumia sitrati penye oksijeni, baada ya vizazi zaidi ya 31,000. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008.

Jambo linalostahili kusisitizwa hapa ni friza. Watafiti walipotaka kujua kama kupatikana kwa uwezo huo kulitokana na bahati ya siku moja au historia ndefu, waliyeyusha mababu wa nyakati mbalimbali na kuwakuza upya. Uwezo wa kutumia sitrati ulijitokeza tena, lakini kwa wale waliotoka katika vizazi vya baadaye, si kwa babu wa mwanzo. Bila sampuli zilizogandishwa, maelezo yoyote yangebaki kuwa dhana.

Majaribio haya yanatoa kanuni mbili za kuhakikia yale yanayofuata. Kwanza, penye shinikizo finyu, kupoteza ndiyo njia ya karibu kuliko kubuni, kwa kuwa jeni huharibika kwa namna nyingi lakini huboreka kwa namna chache. Pili, anayedai kujua jinsi mabadiliko yalivyotokea anadaiwa kumbukumbu ya hali iliyotangulia.

3.0 Omugo kama Jaribio Lisilokusudiwa

Malale yalirudi kwa nguvu West Nile katika miaka ya 1980, baada ya vita kuwahamisha watu na huduma za udhibiti kusambaratika. Kwa wagonjwa ambao kimelea kilikuwa kimefika kwenye mfumo wa fahamu, dawa iliyotegemewa ilikuwa melarsoproli, mchanganyiko wa aseniki uliotumika tangu mwaka 1949. Dawa hiyo yenyewe iliua takriban asilimia 5 ya waliopewa. Mgonjwa wa Omugo, basi, aliingia katika tiba akijua au asijue kwamba huenda tiba ikamuua kabla ya ugonjwa.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, uchunguzi wa wagonjwa waliotibiwa Arua ulionyesha kwamba takriban robo yao tiba haikuwafaa. Mwaka 2001 melarsoproli iliondolewa katika nafasi ya dawa ya kwanza katika Arua na Yumbe, na eflornithini ikachukua nafasi hiyo. Kati ya mwaka 2001 na 2002, kituo cha Omugo kilikuwa mahali pa jaribio la kitabibu lililolinganisha michanganyiko mitatu ya dawa. Jaribio hilo, lililochapishwa na Priotto na wenzake mwaka 2006, lilisimamishwa mapema, likiwa na wagonjwa 54 tu, kwa sababu ya madhara makali. Hata hivyo, mchanganyiko wa nifurtimoksi na eflornithini ulijitokeza kuwa bora kuliko mingine. Utafiti mpana zaidi uliofanywa katika nchi mbili za Kongo ulithibitisha ubora huo, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliuingiza mchanganyiko huo katika orodha ya dawa muhimu.

Ukitazamwa kwa jicho la mtafiti wa mageuko, mtiririko huo una sura ya jaribio. Jamii ya vimelea iliwekwa chini ya shinikizo la dawa moja kwa miaka mingi, kisha shinikizo likaondolewa. Kimelea chenyewe huzaana kwa kujigawa bila kuchanganya jeni za wazazi wawili, kama bakteria wa Lenski. Tofauti ni kwamba Omugo haikuwa na chupa 12 za kulinganishwa, na kila kosa lilikuwa na jina la mtu.

4.0 Alama Iliyobebeshwa Mzigo

Mwaka 1999 Mäser na wenzake walichapisha maelezo ya jeni iitwayo TbAT1. Jeni hiyo hutengeneza protini iliyo kama mlango katika utando wa kimelea. Kimelea huutumia mlango huo kuingiza adenosini inayoihitaji, na dawa za aseniki huingia kwa mlango huohuo. Katika aina ya kimelea iliyofanywa sugu maabarani, jeni hiyo ilikuwa na mabadiliko kadhaa yaliyouzima mlango. Kanuni ya kwanza ilikuwa imetimia: usugu ulikuwa mlango uliofungwa.

Mwaka 2001 Enock Matovu na wenzake walichunguza vimelea vya wagonjwa, wengi wao kutoka Kaskazini-magharibi mwa Uganda, eneo ambalo Omugo ilikuwa kituo chake kimojawapo cha tiba. Walikuta mabadiliko yaleyale ya maabara, au yanayofanana nayo sana, hasa kwa wagonjwa waliorudiwa na ugonjwa. Ulinganifu huo ulikuwa wa kushangaza na wenye thamani kubwa. Ni mara chache mabadiliko yaliyozalishwa ndani ya panya wa maabara huonekana herufi kwa herufi katika damu ya mtu wa kijijini.

Udhaifu uko katika hatua iliyofuata, ambapo ulinganifu ulianza kusomwa kama maelezo kamili. Mwaka 2003 kundi lililomhusisha Matovu huyohuyo liliifuta kabisa jeni ya TbAT1 katika kimelea cha maabara. Kama mlango huo ungekuwa ndio njia pekee ya dawa, kimelea kingekuwa sugu kwa kiwango kikubwa. Haikuwa hivyo, usugu uliongezeka kwa kiasi kidogo tu. Ilidhihirika kwamba kulikuwa na mlango mwingine. Bridges na wenzake (2007) waliendelea kukisukuma kimelea hichohicho kwa kukikuza ndani ya pentamidini, nacho kikaupoteza mlango wa pili na kuwa sugu sana kwa pentamidini na kwa dawa za aseniki pia. Mwaka 2012 mlango huo wa pili ulihusishwa na jeni ya AQP2.

Mkosoaji mwadilifu hana budi kutambua kwamba marekebisho haya yalifanywa na watafiti wenyewe, baadhi yao wakiwa walewale walioipata alama ya kwanza. Sayansi ilijisahihisha. Kinachohakikiwa ni mwendo wa alama baada ya kutoka maabarani: kipimo cha TbAT1 kilikuwa rahisi kufanywa, na urahisi huo ulikipa mamlaka. Kipimo kinachopatikana huelekea kuchukua nafasi ya swali ambalo hakiwezi kulijibu. Mgonjwa aliyerudiwa na ugonjwa huenda alikuwa na kimelea sugu. Huenda aliumwa tena na mbung'o mwenye vimelea. Huenda dawa haikufika kwa kiwango cha kutosha katika majimaji ya uti wa mgongo. Alama moja ya jeni haitenganishi mambo hayo matatu.

Kanuni ya pili nayo ina la kusema. Mwaka 2009 Kazibwe na wenzake walichunguza vimelea vya Kaskazini-magharibi mwa Uganda vilivyokusanywa baada ya melarsoproli kuondolewa, na hawakuona mabadiliko ya TbAT1. Tafsiri inayovutia ni kwamba kimelea chenye mlango uliofungwa hulipa gharama, na shinikizo lilipoondoka, chenye mlango wazi kilirudi. Tafsiri hiyo inaafiki mantiki ya mageuko, lakini si pekee. Inawezekana vimelea vyenye mabadiliko vilimalizwa tu na dawa mpya isiyopita katika mlango huo. Inawezekana pia kwamba katika jamii ndogo inayozidi kupungua, aina moja ilitoweka kwa bahati. Kuyatenganisha maelezo hayo kungehitaji sampuli za mfululizo, mwaka hadi mwaka, kijiji hadi kijiji. Kwa lugha ya Lenski, kungehitaji friza.

5.0 Chombo Kinachoona Upotevu Tu

Hoja ya kwamba usugu ni upotevu iliungwa mkono kwa nguvu na utafiti wa Alsford na wenzake wa mwaka 2012. Watafiti hao walitumia vipande vya RNA vinavyonyamazisha jeni, kila kundi la vimelea likinyamazishwa jeni yake, kisha wakaongeza dawa na kuangalia walionusurika. Kwa pentamidini na melarsoproli ilijitokeza AQP2. Kwa eflornithini ilijitokeza AAT6, jeni ya mlango wa asidi amino. Kwa nifurtimoksi ilijitokeza jeni ya kimeng'enya cha nitroridaktasi, ambacho huiamsha dawa hiyo ndani ya kimelea. Kila mahali jibu lilikuwa kitu kilichokosekana.

Lakini chombo kinachofanya kazi kwa kunyamazisha hakiwezi kuonyesha kinachotokana na kuongeza au kubadili umbo. Atafutaye mlango uliofungwa kwa kufunga milango ataikuta milango tu. Vimelea vilivyotoka kwa wagonjwa vilionyesha sura yenye utata zaidi. Graf na wenzake (2013) walikuta kwamba katika baadhi ya vimelea hivyo AQP2 haikufutika tu: katika baadhi, vipande vya jeni jirani, AQP3, vilikuwa vimeungana nayo na kuzaa jeni chotara. Kipimo kinachouliza tu kama jeni ipo au haipo kinaweza kuipita jeni chotara bila kuitambua.

Kwa hiyo kanuni ya upotevu ni ya kweli kwa sehemu, na kwa sehemu nyingine ni kivuli cha zana zilizotumika. Hilo halipunguzi thamani ya majaribio. Linadai tu kwamba matokeo yasemwe pamoja na kile ambacho zana haikuweza kukiona.

6.0 Mlinganisho wa Malaria

Mfano wa malaria unaonyesha kwamba hali hii si ya malale peke yake. Mwaka 2014 Ariey na wenzake walieleza jinsi walivyoigundua jeni ya K13 kuwa alama ya usugu dhidi ya artemisinini. Safari yao ilianza na kimelea chenye asili ya Tanzania, kilichojulikana kwa jina la F32-Tanzania, ambacho kilikuzwa chini ya dawa kwa miaka 5. Kimelea hicho kilipata badiliko moja katika K13, na badiliko hilo ndilo lililowaelekeza watafiti kwenye jeni yenyewe. Lakini badiliko lililoenea Kambodia lilikuwa jingine. Rwanda likatokea jingine tena, na Kaskazini mwa Uganda yakaenea mawili tofauti, yajulikanayo kama C469Y na A675V.

Maabara ilitaja nyumba kwa usahihi, lakini haikutaja chumba. Mamlaka ambayo ingepima badiliko la F32 peke yake ingetangaza kwamba Afrika Mashariki iko salama. Waliopima jeni nzima kwa wagonjwa wa hapa ndio walioona kilichokuwa kikitokea.

7.0 Maana kwa Sera

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeyaondoa malale ya gambiense katika hadhi ya tatizo la afya ya jamii. Ushindi huo umetokana na upimaji wa vijijini, dawa bora na vitambaa vya bluu vyenye kiuatilifu vinavyowekwa kandokando ya mito kuwaua mbung'o. Hata hivyo, kuondoa tatizo si kukomesha maambukizi. West Nile inaendelea kupokea wakimbizi. Sehemu ya makazi ya Rhino Camp iitwayo Omugo ilifunguliwa mwaka 2017 kwa ajili ya watu kutoka Sudani Kusini.

Wakati huohuo, tiba imeelekea kwenye feksinidazoli, dawa ya kumeza iliyomwondolea mgonjwa safari ya sindano na dripu. Dawa hii huamshwa na nitroridaktasi ileile inayoiamsha nifurtimoksi. Sokolova na wenzake walionyesha mwaka 2010, kabla dawa haijaidhinishwa, kwamba vimelea vilivyofanywa sugu maabarani dhidi ya mojawapo huwa sugu pia dhidi ya nyingine. Safari hii maabara imetangulia, na onyo lake limekuja mapema. Swali ni kama litasomwa vizuri kuliko la kwanza.

Kutokana na uhakiki huu, mapendekezo manne yanafuata. La kwanza, kila mgonjwa anayerudiwa na malale achukuliwe sampuli ya damu na ya majimaji ya uti wa mgongo, kwa ridhaa yake, na ihifadhiwe pamoja na ile ya kabla ya tiba. Sampuli moja bila mwenzake haielezi kilichobadilika. La pili, upimaji usiishie kwenye badiliko moja lililojulikana maabarani, bali usome jeni nzima, na inapowezekana jenomu nzima. La tatu, ripoti za usugu zitenganishe waziwazi mambo matatu: tiba kushindwa, kimelea kustahimili dawa maabarani, na alama ya jeni kuonekana. La nne, akiba za sampuli zilizo katika taasisi za Uganda, zikiwamo zile zilizokusanywa kupitia mtandao wa TrypanoGEN unaohusishwa na Chuo Kikuu cha Makerere, zigharimiwe kama miundombinu ya kudumu badala ya kutegemea muda wa mradi.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba ni ubadhirifu kugharimia friza kwa ugonjwa uliokaribia kwisha, ilhali malaria na utapiamlo vinadai fedha. Pingamizi hilo ni zito. Lakini uchache wa wagonjwa ndio unaoipa kila sampuli thamani. Wagonjwa wakiwa mamia, sampuli iliyopotea hufidiwa na nyingine. Wakiwa wawili, kuipoteza moja ni kupoteza nusu ya ushahidi wa nchi nzima.

8.0 Hitimisho

Majaribio ya mageuko yamewafundisha watafiti kwamba kiumbe kinaponyang'anywa nafasi, mara nyingi hujiokoa kwa kuacha kitu. RNA ya Spiegelman iliacha uwezo wa kuambukiza, bakteria wa Lenski wakaacha ribosi, na kimelea cha malale kikafunga mlango wa dawa. Makala imeonyesha kwamba mfanano huo ni wa kweli, lakini pia kwamba chupa huonyesha yanayowezekana, si yaliyotukia. Yaliyotukia Omugo yaliandikwa katika damu ya watu waliopewa aseniki wakitumaini kupona. Kuisoma damu hiyo kwa alama moja tu kulikuwa ni kuisoma nusu. Kimelea kitakachofuata, kikija, kitakuwa na historia yake, na haitajulikana isipokuwa kwa sampuli zitakazokuwa zimewekwa kabla.